Pumzi ya Mpiga Mbiu

Behewa la upepo lilikuwa limeshaviacha nyuma vilima viwili tangu litoke Kisimachumvi, na Nyamizi bado hajageuza shingo hata mara moja kutazama alikotoka. Alikuwa amekalia jiwe lake la kusagia, mgongo kauegemeza kwenye gunia la sufuria, mbuzi wake watatu wamefungwa kwenye nguzo ya tanga. Macho yake yalikuwa mbele, magharibi, kwenye nchi asiyoijua. Aliyekuwa akigeuka geuka ni baba yake, Mzee Chidumizi, mpiga mbiu wa serikali, mtu wa miaka sabini na mitatu mwenye nyayo ngumu kama soli ya tairi.

"Baba, umesahau kitu huko?"

"Sijasahau."

"Basi tulia. Unawatisha mbuzi."

Mzee akatulia kidogo, kisha akageuka tena.

Mle behewani wote walikuwa wanahama. Wingu la mwisho la msimu, lililopangiwa Kisimachumvi, halikufika. Mtama ulikuwa umeshatoa majani manne. Ukasimama, ukapauka, ukalala chini. Na hakuna asiyejua wingu lile liliishia wapi: lilinyesha lote Ilangasi, siku ya Jumanne, na aliyelipeleka huko ni Perusi Mwaluko, mchunga mawingu.

Maana siku hizo mvua ya nyanda za kati ilikuwa haiachiwi bahati tena. Wachunga walirusha vikozi vyao, ndege za chuma nyepesi kama ungo, vikalizunguka wingu na kulinyunyizia vumbi la chumvi upande huu na ule, mpaka likakubali kwenda. Wachunga wenyewe husema wingu haliburutwi, linabembelezwa. Kila wingu lilikuwa na njia yake na kijiji chake kwenye ratiba, kama zamu ya kisima. Juzi juzi Baraza likapitisha sheria: mchunga atakayelipotosha wingu, miaka kumi chini ya paa. Chini ya paa maana yake ni hiyo hiyo: nyumba isiyo na dirisha wala ua. Kwa mtu aliyezaliwa akitazama juu, heri umzike.

Mzee Chidumizi aliipapasa pembe yake mapajani. Ilikuwa pembe ya tandala, imepinda mara mbili, na tumboni mwake mafundi walikuwa wametia kinasa sauti chenye saa yake. Kila tangazo alilolisoma, pembe ililimeza na kulitunza. Na haikufunguka kwa ufunguo wala kwa nyundo. Ilifunguka kwa pumzi ya mwenyewe tu, ile iliyopimwa siku alipokula kiapo.

"Tunaingia Ilangasi," akaita nahodha wa behewa. "Upepo umekufa. Tutakaa saa mbili hapa. Wa kujisaidia wajisaidie!"

Nyamizi akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ndiyo leo kesi ya yule mwanamke, si ndiyo?"

"Ndiyo leo."

"Wewe hawajakuita. Daftari lako wanalo, linawatosha."

"Ndiyo maana nakwenda," mzee akasema. Akamwekea pembe miguuni. "Nitunzie hii."

*

Lililotokea ni hili, na mzee alikuwa hajamwambia mtu.

Sheria ile mpya alipewa yeye kwenda kuisoma Ilangasi, Jumanne, saa nne asubuhi. Alifika kwa wakati, pembe begani, jasho linamtoka. Akakuta watu wamekaa chini uani. Mama yake Perusi alikuwa amefariki alfajiri ile.

Sasa katika nchi ile mbiu haipulizwi penye maiti. Hilo hakuna aliyeliandika, na hakuna aliyewahi kulivunja. Mzee akaiegemeza pembe ukutani, akashika sururu pamoja na wanaume wengine. Ardhi ilikuwa imekauka miaka miwili. Sururu ilirudi juu kama imepiga reli. Wakavunja mipini mitatu, na shimo halikufika hata magoti. Akina mama waliacha kulia wakawa wanatazama tu, kwa aibu ya kushindwa kumzika mtu.

Perusi aliinuka mkekani, akaenda bandani kwake, akarusha vikozi. Alitaka ukingo tu wa wingu lililokuwa likipita, tone la kulainisha shimo. Lakini wingu likishafunguka halifungiki. Saa kumi alasiri lilishuka lote. Watu waliinua mikono, na Mzee Chidumizi naye aliinua uso akafungua mdomo kama kinda la ndege, akainywa mvua ile, akamshukuru Mungu.

Walizika Jumatano asubuhi. Wakala chakula cha msiba. Ndipo mzee akapuliza mbiu akaisoma sheria, na Perusi aliisikiliza akiwa mbele kabisa, matope ya kaburi la mama yake hayajamkauka mikononi.

Jioni yake mzee alifungua daftari akaandika: *Jumanne, saa nne asubuhi, imesomwa.* Mpiga mbiu akichelewa siku moja ananyang'anywa pembe, na mtu aliyetembea nchi nzima kwa miaka arobaini, bila pembe atakuwa nani? Akaona ni jambo dogo. Siku moja itamdhuru nani? Wiki ile ile alifika kwa binti yake, akamkuta amesimama katikati ya shamba anatazama juu.

*

Mahakama ilikaa kwenye banda la wachunga. Vikozi vilikuwa vimening'inizwa kwenye mapau, vikitikisika taratibu juu ya vichwa vya watu. Jaji Salha Makwinya alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, Katiba mapajani ndani ya kitambaa cha khanga, na mbele yake kisahani cha karanga ambazo alisahau kuzila. Perusi alisimama pembeni, mrefu, kichwa wazi, haegemei kitu.

Wakili Kashindye, mwendesha mashtaka, alikuwa anamalizia.

"Mheshimiwa, watu wa Ilangasi wote wanaapa kwamba sheria ilisomwa Jumatano. Lakini wote ni ndugu wa mshtakiwa, na wamekula chungu kimoja. Daftari la mpiga mbiu linasema Jumanne saa nne. Mvua ilinyesha saa kumi. Sheria ilikuwa tayari na umri wa saa sita, Mheshimiwa. Mtoto wa punda wa saa sita anatembea. Sheria ya saa sita inauma."

Watu walicheka, hata wa Ilangasi, kwa sababu alisema vizuri. Kashindye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefika Kisimachumvi, akaona mtama ulivyolala, na hasira yake ilikuwa ya kweli.

Mzee Chidumizi akainua mkono mlangoni.

"Mheshimiwa, mimi ndiye mpiga mbiu. Nina neno."

Jaji alimtazama juu ya miwani.

"Karibu, mzee wangu. Neno lako linamhusu mshtakiwa, au linakuhusu wewe?"

"Yote mawili."

"Basi funga mdomo kwanza."

Mzee alibaki ameachama. Watu wakacheka tena, lakini jaji hakucheka. Alifunua khanga, akafungua kitabu.

"Nisikilize vizuri, maana nikishasema hili nitakuwa nimelisema. Ibara ya Tisa inasema hakuna mtu atakayetiwa hatiani kwa sheria ambayo masikio ya mahali pake hayajaisikia. Hiyo ni ya Perusi. Lakini Ibara ya Kumi na Moja ni yako. Hakuna atakayelazimishwa kujishtaki, si kwa ulimi, si kwa damu, si kwa pumzi. Mpiga mbiu akiandika uongo kwenye daftari, ni miaka miwili chini ya paa. Sisemi umeandika uongo. Nasema una haki ya kunyamaza, na ukinyamaza, kunyamaza kwako sitakuhesabia neno."

Mjomba wa Perusi, mzee mnene aitwaye Chilongola, akaruka kama aliyekalia siafu.

"Anyamaze? Pembe iko wapi? Iletwe ipulizwe! Ukweli wote umo humo!"

"Ipulizwe!" watu wakaitikia. Vijana wawili wakasogea mlangoni kumzuia mzee asitoke.

"Tokeni mlangoni." Jaji hakupandisha sauti. Vijana wakatoka.

"Mheshimiwa," Chilongola akasema, sasa kwa unyonge, "mpwa wangu anakwenda ndani miaka kumi. Ni pumzi moja tu. Mshikeni apulize."

"Haiwezekani."

"Hata ya kumwokoa mtu?"

"Hasa ya kumwokoa mtu. Wa kumlazimisha mwenzake kwa nia mbaya tunamjua, tunamkimbia. Leo nimkabe koo mzee huyu nimwokoe Perusi. Kesho atakuja jaji mwingine, na yeye ana mtu wake wa kumwokoa, na koo atakalolikaba ni la Perusi."

"Kwa hiyo asiye na kosa afungwe kwa heshima ya pumzi ya mzee?"

Jaji alikisogeza pembeni kisahani cha karanga.

"Inawezekana," akasema. "Nami nitakula chakula changu nikijua hivyo mpaka nife. Lakini koo la mtu sitalikaba."

Mzee Chidumizi alikuwa amesoma sheria kwa watu miaka arobaini. Alizisoma za kodi, za mifugo, za kuni, za mipaka, kama mtu anayebeba mizigo asiyoijua ina nini. Leo kwa mara ya kwanza aliona mzigo umefunguliwa. Alikumbuka alichoambiwa siku ya kiapo: kwamba wale arobaini na mmoja walioiandika Katiba, thelathini kati yao walitoka magerezani, wamefungwa kwa sheria walizokuja kuzisikia mahakamani. Walipopata kalamu, hawakuandika jinsi ya kuwafunga waliowafunga. Waliandika jinsi ya kuwazuia hata wao wenyewe. Siku ile ya kiapo mzee alikuwa anawaza chakula cha mchana. Leo alitamani awajue kwa majina.

"Mjomba, kaa chini," sauti ikasema. Ilikuwa ya Perusi, nzito na tulivu. "Mzee huyu alishika sururu kwenye kaburi la mama. Muacheni."

Jaji akagonga meza. "Mapumziko ya nusu saa. Mzee Chidumizi, nje hakuna askari. Behewa lenu likipata upepo uko huru kupanda, na jambo hilo halitaingia kwenye hukumu yangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Haya. Chukua karanga."

*

Nyamizi alisikiliza yote bila kumkatiza. Alikuwa bado juu ya jiwe lake, na baba yake amesimama chini, kando ya behewa, kama mtu anayeomba lifti.

"Ulikunywa ile mvua," hatimaye akasema.

"Niliinywa."

"Halafu ukaja kwangu, ukanikuta natazama juu."

"Nilikukuta."

"Ukaniambia, 'Vumilia mwanangu, Mungu yupo.'"

Mbuzi mmoja alilamba kamba.

"Nilipanda heka mbili mimi," Nyamizi akasema. "Peke yangu, kwa mkono. Kila nikilala nilikuwa namwona yule mwanamke chini ya paa, na hilo ndilo lililokuwa linanipa usingizi. Sasa unataka nikupe ruhusa umtoe, na uingie wewe?"

"Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kukwambia uongo ni wangu. Usije ukausikia kwa watu."

"Ungeisoma sheria Jumanne, asingelivuta wingu?"

"Sijui, mwanangu. Mama yake alikuwa amelala pale chini, na nzi wameanza kumjua. Labda angelivuta hata hivyo. Lakini angekuwa ameisikia. Angechagua."

Juu yao tanga lilitikisika, likajaa nusu. Nahodha akaanza kupiga kengele. "Upepo huo! Pandeni!" Watu wakakimbia na vibuyu vyao vya maji.

Nyamizi alitazama tanga. Alitazama magharibi. Kisha akamkabidhi jirani kamba ya mbuzi, akainama, akaichukua pembe kwa mkanda wake, akashuka. Alipotua chini alikuwa analia, lakini kwa hasira.

"Twende," akasema. "Ila sitamsalimia."

*

Jaji alimuuliza mara tatu kama analazimishwa. Mara tatu mzee alikataa. Akamuuliza Nyamizi kama yeye ndiye anayemlazimisha baba yake. Nyamizi akajibu, "Mheshimiwa, mimi ni wa Kisimachumvi." Jaji akaandika jibu hilo kama lilivyo.

Mzee akaweka pembe mdomoni, akapuliza.

Haikutoka kama mbiu. Ilikuwa pumzi ndefu ya chini, kama mtu anayepoza chai. Ndani ya pembe kitu kikalia *tik*, na ikaanza kurudisha ilichokuwa imekimeza. Kwanza mlio wake wenyewe, ule wa siku ile. Kisha sauti ya mzee: "Enyi watu wa Ilangasi! Baraza limesema, na mimi nawasomea..."

Na chini ya sauti yake, nyuma yake, pande zote, walikuwa wanalia vyura.

Walilia kwa mamia, kwa kelele, kwa furaha isiyo na adabu, mpaka pengine ilikuwa vigumu kuisikia sheria yenyewe. Mzee hakuwahi kujua kwamba pembe imewanasa. Siku ile hakuwasikia hata kidogo, alikuwa anasoma. Mtu wa nyanda za kati huhitaji ushahidi gani zaidi? Chura hukaa ardhini miaka miwili, mitatu, amejikunja kama kokwa, na hakuna serikali inayoweza kumwamsha. Anaamshwa na mvua tu.

Nyamizi alifumba macho. Wanawake wawili walianza kulia, kwa kuwa katikati ya vyura ilisikika sauti ya mtu akisema polepole, *pole Perusi, pole mwanangu*.

Sauti zikakoma, pembe ikataja saa yake: Jumatano, saa nane mchana.

"Wakili Kashindye," jaji akasema. "Tuiache saa. Wale vyura wanasema nini?"

Kashindye alisimama taratibu. Alitazama daftari mkononi mwake, akalifunga.

"Wanasema mvua ilitangulia, Mheshimiwa."

"Una la kuongeza?"

"Nilikuwa nimekuja kushinda," akasema. "Sina la kuongeza."

Hukumu haikufika hata nusu ukurasa. Jaji aliisoma akiwa amesimama. "Sheria ilifika Ilangasi ikiwa imechelewa, na aliyechelewa si mshtakiwa. Perusi Mwaluko yuko huru. Hukumu hii haisemi kwamba alifanya vema, na hairudishi mtama wa mtu. Inasema kwamba serikali haina mkono wa kumfikia mtu jana." Akavua miwani. "Mzee Chidumizi, wewe utasikilizwa na jaji mwingine. Mimi siwezi, maana nimeshakupenda."

Nje, behewa lilikuwa bado halijaondoka. Nahodha alikuwa ameshusha tanga mwenyewe, akisema anasubiri abiria wawili. Perusi alitoka bandani, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Nyamizi, akasimama mbele yake.

"Ulikuwa na heka ngapi?"

"Mbili."

"Yalikuwa majani mangapi?"

"Manne."

"Manne," Perusi akarudia. Nyamizi hakumsalimia.

*

Kesi ya Mzee Chidumizi ilisikilizwa baada ya miezi minne. Kashindye ndiye aliyeiendesha, akaomba mwaka mmoja. Jaji akatoa miezi kumi. Mzee alitumikia saba. Pembe yake ilipimwa upya, akapewa mpiga mbiu mwingine, mwenye pumzi fupi lakini mwandiko mzuri.

Sheria ya mawingu haikufutwa. Inauma mpaka leo. Perusi alirudi kazini na hakupotosha wingu tena. Katika msimu uliofuata aliomba apewe njia ya Kisimachumvi, akapewa, akaipa mvua miaka sita, ingawa kaya zilizobaki kule zilikuwa nne tu. Chilongola alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Ardhi ilikuwa laini, akazikwa siku hiyo hiyo.

Kashindye aliacha mashtaka akaenda kufundisha. Jaji Salha Makwinya alistaafu macho yalipomshinda, na hakuna aliyejua kama kulikuwa na kesi nyingine iliyomkosesha raha mezani.

Nyamizi alipata shamba magharibi, kwenye ardhi nyeusi, akazaa watoto wawili. Baba yake alipotoka chini ya paa hakutulia kwake. Alikaa wiki tatu, akaondoka kwa miguu kutazama ziwa moja alilokuwa hajaliona, akarudi, akaondoka tena. Safari ya mwisho alirudi na homa ya mapafu, akafa siku ya nne, na wakamzika nyuma ya nyumba ya binti yake.

Siku ya mazishi mpiga mbiu wa wilaya alifika pale na tangazo la serikali la kusoma. Akakuta watu wamekaa chini, akaegemeza pembe ukutani. Alilisoma kesho yake, na kwenye daftari akaandika kesho yake.